Wale Mia Sita

Septemba 4

Daftari hili lilikuwa la marehemu mume wangu. Kampuni ya mbegu huwagawia wakulima kila mwaka, naye hakuwahi kuandika ndani yake kitu zaidi ya kiasi cha mvua. Nimelifungua leo kwa sababu kazi yangu imenifunga mdomo, na leo nina ya kusema.

Serikali kuu imetoa orodha mpya ya maeneo. Kaunti yetu ya Pruett si mashamba tena. Tumehesabiwa kuwa sehemu ya jiji la Kessling, lililo ng'ambo ya mto. Utaratibu wao si mgumu. Huchukua mji wenye watu elfu hamsini na zaidi, kisha hutazama kaunti zinazouzunguka. Kaunti ambayo robo ya wafanyakazi wake huvuka kwenda kufanya kazi mjini, humezwa. Miji midogo nayo ina vieneo vyake, na wanaobaki nje ya vyote ndio tuliokuwa sisi, wenye ng'ombe wengi kuliko watu. Wafanyakazi wetu ni kama elfu nne. Robo ni elfu moja. Orodha inasema wanaovuka ni elfu moja na arobaini.

Arobaini tu wa kuzidi. Na kwa ajili ya hao, hospitali yetu ya Aldersby haitaitwa tena ya mashambani na msaada wake utakatwa. Mkurugenzi amesema redioni kwamba chumba cha dharura kitafungwa tarehe mosi Januari.

Kazi yangu kwa miaka kumi na moja ni kuwagongea watu milango na kuwauliza maswali ya serikali. Wengi hujaza fomu na kuituma kwa posta; mimi huwafuata wasiojaza. Nyumba ina vyumba vingapi? Wiki iliyopita ulifanyia kazi wapi? Niliapa kwamba jibu la mtu nitaingia nalo kaburini, na nikilitoa nje ni kifungo cha miaka mitano. Kwa hiyo wengine kati ya hao elfu moja na arobaini wamepita kwenye vidole vyangu.

Mdogo wangu Delbert ni mmoja wao, na hilo si siri, kaunti nzima inajua. Hutengeneza lifti katika majengo ya Kessling. Jioni alikuja kula, akasoma gazeti, akacheka mpaka akakohoa.

"Dada, kumbe mimi ndiye jiji," akasema. "Nipishe nipite."

Septemba 6

Joto. Mahindi yanakauka kabla ya wakati wake.

Septemba 9

Mkutano katika ukumbi wa michezo wa shule. Watu walikaa mpaka kwenye ngazi.

Aliyesimama ni Gaylen Stroud. Si mtu mbaya Gaylen. Mume wangu alipofariki katikati ya mavuno, alileta mashine yake bila kuombwa, akanivunia shamba lote ndipo akarudi kwenye lake. Mkewe, Twila, ni rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Gaylen alieleza jinsi mjukuu wake alivyozaliwa kitovu kimemzonga shingoni, na jinsi dakika kumi za kufika Aldersby zilivyomwokoa. Mpaka hospitali ya Kessling ni dakika arobaini, na barafu ikianguka ni saa nzima. Wanawake walilia. Hata mimi nililengwalengwa na machozi.

Kisha akasema serikali haikutuuza, tumeuzwa na robo yetu wenyewe.

"Basi nipe kazi, Gaylen," Delbert akajibu kutoka nyuma. "Zizi lako lina lifti?"

Watu wakacheka, na nadhani kicheko ndicho kilichotuponza. Mtu mmoja wa safu ya mbele yake aligeuka akamtwanga ngumi ya mdomo. Meno mawili yalitoka. Mkutano uliendelea na tulipotoka kila mtu alikwepa lile doa la damu kama kinyesi cha mbwa, hakuna aliyelifuta.

Septemba 15

Chini ya daraja kuna uwanja ambako wanaovuka huacha magari yao ili wapande wanne wanne kwenye gari moja. Asubuhi magari kumi na tisa yalikutwa yamechanwa matairi. Moja lilikuwa na mwanamke ndani, alikuwa akimsubiri mwenzake. Walimvuta nje kwa nywele, wakamwambia arudi nyumbani akapike.

Septemba 17

Mvua.

Septemba 18

Mvua. Mashine haziwezi kuingia shambani, zitazama. Wanaume hawana la kufanya, wamejazana kwenye ghala la nafaka wakinywa kahawa na kutiana hasira.

Gaylen ameweka pipa la moto kwenye mdomo wa daraja, na kila siku kuanzia alfajiri wanakaa hapo na bunduki mapajani wakihesabu nani anavuka. Nilidhani wakihesabu watatulia. Kumbe hesabu imewatia wazimu. Kwa siku tatu wamepata watu mia nne na thelathini, na serikali inasema elfu moja na arobaini. Kwa hiyo, wanasema, kuna kama mia sita wengine wanaovuka kwa siri. Kwa boti. Kwa daraja la kaskazini. Mia sita kati yetu, wanaokaa nasi kanisani na kutuangalia usoni.

Majina ya wale mia nne na thelathini yamebandikwa ukutani ghalani. Chini yake wameacha karatasi tupu kwa ajili ya wale mia sita.

Septemba 20

Jua. Mashine zinanguruma pande zote. Hakuna kilichotokea.

Septemba 22

Jua. Hakuna kilichotokea. Nimeanza kuelewa kwamba watu wetu wakivuna wana akili, na mvua ikinyesha hawana.

Septemba 26

Mvua tangu jana. Trudy Oshel, muuguzi anayefanya kazi Kessling, alipigwa na nati ya trekta iliyorushwa kwa manati alipokuwa akilikaribia daraja. Ilipasua kioo cha gari ikaingia jichoni.

Aliletwa Aldersby, na Daktari Lindqvist akalitoa jicho. Daktari huyu huvuka kinyume. Mkewe ni mwalimu Kessling, kwa hiyo analala huko na kila asubuhi anakuja kufanya kazi kwetu. Yeye hakuna anayemhesabu. Aliniambia Trudy alipozinduka aliuliza kama aliyepiga amepatikana, kisha akajijibu mwenyewe kwamba hatapatikana. Mkuu wa polisi wa kaunti ana mahindi yake pia, na ghalani kahawa anainywa na hao hao.

Oktoba 4

Lazima niandike.

Nilikuwa na nyumba moja ya kuhoji barabara ya mtoni. Mwenye nyumba alinifungulia bunduki ikiwa imeelekezwa tumboni mwangu. Aliponitambua aliishusha na kunikaribisha kahawa. Mkono wake wa kushoto umefungwa bendeji, alijikata kazini. Tukafika kwenye swali lile.

"Wiki iliyopita ulifanyia kazi wapi?"

"Kessling. Machinjioni."

Nikaandika Kessling kama nilivyokwisha kuandika mara mia. Kishikwambi kikaweka alama ya bluu kwenye ramani, ng'ambo ya mto. Nikainua macho kunywa kahawa. Kwenye dirisha la jikoni kwake, hatua mia nne hivi, machinjio ya nguruwe yalikuwa yakitoa mvuke. Upande huu wa mto. Ndani ya kaunti ya Pruett.

Yalijengwa na watu wa Kessling, yakaitwa Machinjio ya Kessling, barua zake hupitia posta ya Kessling, na hundi za mshahara zimeandikwa Kessling. Tangu utotoni mtu akiulizwa baba yako yuko wapi alijibu yuko Kessling, na kila mtu alielewa yuko hapo chini ya kilima anachinja nguruwe. Watu wetu mle ndani ni mia sita.

Mia sita.

Hakuna boti. Hakuna daraja la kaskazini. Mia sita wanaotafutwa ni hao hao wanaowatafuta. Wakulima wengi wana zamu machinjioni kwa ajili ya bima ya matibabu. Gaylen ana zamu nne kwa wiki. Tarehe kumi na mbili Machi mimi mwenyewe nilikaa mezani kwake, nikamuuliza swali lile, na akajibu Kessling. Hapa nimeshavunja kiapo, ingawa ni kwa kalamu tu.

Na aliyeandika bila kuuliza ni upande upi wa mto ni mimi.

Oktoba 5

Nilimpigia msimamizi wangu, Bwana Hensley. Alinisikiliza vizuri. Alisema kaunti inaweza kuandika barua na kueleza kosa, itachunguzwa, itachukua muda. Alisema pia kwamba kusema machinjio yako wapi si siri, mto hauna faragha. Ninachokatazwa ni kusema nani alijibu nini.

Kwa hiyo ruhusa ninayo. Kesho nitakwenda ghalani kusema.

Oktoba 6

Jua. Wote wako shambani. Nitasema watakaporudi.

Oktoba 11

Nilikwenda ghalani. Gaylen alikuwepo, macho mekundu kwa vumbi la mahindi. Aliniuliza hali, akaniuliza kama paa langu bado linavuja, akasema atakuja kuliziba. Kisha akaelekeza kikombe chake cha kahawa kwenye ile karatasi tupu.

"Marlys, nikimpata mmoja tu wa hawa mia sita, nitamning'iniza kwenye ndoano kama nguruwe."

Nikatazama uso ule niliouzoea, nikawaza atakavyonitazama nikimwambia ni nani aliyeandika. Nikanunua chakula cha kuku, nikarudi nyumbani. Nimejiambia kwamba kiapo ndicho kinachonizuia. Si kweli. Ni woga, na aibu.

Oktoba 14

Mvua.

Oktoba 15

Mvua. Sijasema.

Oktoba 16

Mvua. Mbwa wa Delbert amekutwa amenyongwa kwa waya kwenye kisanduku cha barua. Tumbo limepasuliwa na kujazwa tiketi za kuegesha magari za mji wa Kessling. Delbert alimshusha na kumzika mwenyewe, hakuniruhusu kushika koleo. Baadaye alikaa jikoni kwangu na bunduki mezani, kati ya siagi na chumvi.

"Dada, wewe unajua. Hao mia sita ni akina nani?"

"Nimeapa, Delbert."

"Basi nyamaza," akasema. "Mtu wetu mmoja angalau abaki na kiapo chake."

Ningemwambia hapo hapo kuhusu machinjio, asingenilaumu. Lakini alinisifu, nami nikaipenda ile sifa.

Oktoba 19

Jua kidogo. Wamevuna nusu siku.

Oktoba 23

Delbert amekufa. Nitaandika yote, kwa mpangilio, kama ninavyojaza fomu.

Mvua ilinyesha mfululizo siku tatu. Saa mbili asubuhi nilikuwa nyumbani kwake, nimempelekea mkate. Pikapu nne ziliingia uani. Walishuka watu tisa au kumi, kofia zimevutwa mpaka puani, lakini buti nilizijua. Walikuwa na karatasi, walitaka aweke sahihi kwamba ameacha kazi ng'ambo. Delbert alitoka kwenye ngazi na bunduki yake. Aliwaambia atahesabu mpaka tatu wawe wametoka uani mwake. Alifika mbili.

Risasi ya kwanza ilivunja taa ya mlangoni. Ya pili ilimpata pajani. Yeye alifyatua moja alipokuwa akianguka, ikapasua kioo cha pikapu, na wao wakakimbilia magarini wakisukumana kama kuku. Damu ya paja haitiririki, inaruka. Ilinirukia usoni. Nilimfunga mkanda wake mwenyewe juu ya jeraha, na kwa kuwa haukutosha nikaingiza ngumi yangu ndani ya tundu nikakandamiza. Jirani aliyesikia milio ndiye aliyeendesha gari. Dakika kumi na mbili mpaka Aldersby, ngumi yangu ndani ya mguu wa ndugu yangu.

Wauguzi walikuwa tayari. Walimtundikia damu, wakasema mshipa unahitaji daktari, na daktari alikwisha kupigiwa simu, yuko njiani. Baadaye wakasema yuko darajani. Baadaye tena wakasema yuko darajani.

Gaylen alikuwa ameziba daraja kwa malori mawili ya mahindi. Hakujua lililotokea kwa Delbert, naamini hivyo. Aliona gari lenye namba za Kessling likija kasi, akalisimamisha. Daktari Lindqvist alinisimulia mwenyewe, shati limeloa, amekaa sakafuni kwenye ukumbi wa hospitali.

Gaylen aliinama dirishani kwake akamuuliza: "Unafanyia kazi wapi?"

Daktari akasema hospitali ya Aldersby na kwamba kuna mtu anakufa. Gaylen akamwambia kila mtu angesema hivyo. Wakataka kitambulisho, na kitambulisho kilikuwa na anwani ya nyumbani, Kessling. Wakamtoa garini, wakamweka mikono juu ya paa kwenye mvua, wakamwaga mkoba wake kwenye matope, mmoja akampiga kitako cha bunduki mbavuni kwa sababu alipiga kelele. Mtu wa kumi kufika pipani ndiye aliyemtambua, kwa kuwa daktari alimtoa kidole tumbo mwaka juzi. Zilikuwa zimepita dakika hamsini.

Delbert alikuwa na akili zake karibu mpaka mwisho. Alilalamika baridi. Alisema lifti imekwama, tusibonyeze vitufe ovyo. Kisha akaacha kusema, nami niliendelea kumshika mguu mpaka muuguzi aliponiondoa mkono taratibu, kidole kimoja kimoja.

Nilijua tangu Oktoba 4. Siku kumi na tisa. Mficha maradhi, kifo humuumbua, tunasema hivyo kila siku. Lakini mimi ndiye niliyeficha, na kifo kimemchukua Delbert.

Oktoba 26

Tumemzika. Jua lilitoka, kwa hiyo wengi walikuwa wakivuna.

Novemba 1

Mkutano mwingine, ukumbi ule ule. Polisi wa jimbo wamefika hatimaye, wawili, walisimama mlangoni. Gaylen alisema anasikitika kwa Delbert, na nadhani alisikitika. Kisha akasema haya yote ni kwa sababu ya wale mia sita, na kwamba wangejitokeza kama watu wazima, hakuna ambaye angekufa.

Nikasimama. Niliwauliza machinjio yako upande gani wa mto. Mtu akasema upande wetu. Nikauliza, mkiulizwa mnafanyia kazi wapi, huwa mnajibu nini?

Nilitazama jambo hilo likiwaingia, safu baada ya safu. Niliwaambia kuhusu posta na ramani na alama ya bluu, na kwamba fomu nyingine niliziandika mimi bila kufikiri. Niliwaambia nilijua kabla Delbert hajauawa na sikusema. Niliwaambia wasiangalie karatasi ya ghalani, wageuke wamwangalie aliye kando yao.

"Hayo ni maneno ya mfiwa," Gaylen akasema, kwa upole kabisa. "Pole, Marlys. Mimi nina miaka tisa pale machinjioni, na sijawahi kusema nafanya kazi Kessling. Siwezi. Ulimi ungekauka."

Hakuwa anadanganya. Alikuwa amesahau. Lakini niliona mikono iliyomsimamisha daktari, imewekwa kifuani, na mdomo wangu ukafunguka.

"Tarehe kumi na mbili Machi," nikasema. "Twila alikuwa amepika supu ya kuku na tambi. Nilikuuliza ulifanyia kazi wapi wiki iliyopita. Ukasema Kessling. Nilikuuliza mara mbili, maana ulikuwa unatafuna."

Ukumbi mzima ukamgeukia Twila. Aliangalia magoti yake.

"Ni kweli, Gaylen," akasema. "Ulisema."

Naandika ilivyokuwa: nilisikia utamu. Miaka kumi na moja ya kiapo ilinitoka kwa pumzi moja, na nilisikia utamu mpaka kwenye meno.

Novemba 2

Walimwendea Gaylen saa nne asubuhi, wale wale aliokaa nao kwenye pipa. Walimtoa zizini wakampiga kwa makoleo ya nafaka. Alipoanguka walimburuta mpaka njia ya malori, wakapitisha lori la mahindi juu ya miguu yake, likiwa limejaa. Mashine yake ya kuvunia, ile iliyonivunia mimi mume wangu akiwa kwenye jeneza, wakaitia moto. Moshi wake niliuona kutoka kibarazani.

Twila alikuja jioni jua likiwa bado juu. Hakulia, hakukaa. Damu ya mumewe ilikuwa imekauka kwenye aproni.

"Miguu yote miwili inakatwa," akasema. "Mikononi mwako kulikuwa na siri za watu, Marlys, na ya Gaylen ndiyo iliyokushinda. Nangoja kuona kesho itakushinda ya nani."

Nilitaka kumwambia kuhusu Delbert. Lakini alikuwa amekuja mazishini, alinishikia kitambaa changu cha machozi.

Novemba 3

Bwana Hensley amepiga simu. Nirudishe kishikwambi na kitambulisho. Mashtaka yatafuata. Alisema barua ya kaunti imeshapelekwa, na kwamba mwaka huu hakuna kitakachobadilika.

Novemba 5

Naandika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo ni kidogo kidogo.

Jumapili, baada ya ibada, walikuja saba. Wawili kati yao ndio waliobeba jeneza la Delbert siku ya mazishi. Hawakuvaa kofia, hilo ndilo lililonitisha. Walileta ile karatasi tupu ya ghalani, jina la Gaylen likiwa la kwanza, na walitaka niwape mengine. Habari ya barua ya kaunti hawakutaka kuisikia. Hospitali inafungwa, na lazima awepo wa kulipa.

Nikawaambia mwenye kosa ni mimi, waandike Marlys Kubat mara mia sita. Wakasema wanataka majina. Wakanilaza mkono wa kulia juu ya meza ya jikoni, mmoja akachukua nyundo yangu ya kuvunjia barafu.

Kati ya hao saba, wawili niliwahoji mimi mwenyewe. Najua mwezi, najua kiti nilichokalia, najua walichojibu. Nao walijua kwamba najua. Walikuwa weupe kuliko mimi, jasho linawatoka, na ndio waliokandamiza mkono kwa nguvu zaidi. Ningesema "wewe" na "wewe", wale watano wangewageukia, na mimi ningetoka mlangoni na vidole vyangu.

Walipiga kidole kimoja, wakauliza. Wakapiga cha pili, wakauliza. Nilipiga mayowe, nilijikojolea, niliwaita kwa majina ya mama zao. Lakini jibu la mtu sikulitoa. Kiapo kile nilikichukua kama karatasi nyingine ya ofisi, nikakitumia kama pazia la woga wangu. Siku niliyoona miguu ya Gaylen nikaelewa kilitungwa kwa ajili ya nini. Jina ukilitaja mbele ya watu wenye hasira, umempeleka mwenyewe machinjioni.

Kwenye kidole cha nne mmoja wa wale wawili niliowahoji alitapika, na wengine wakakosa hamu. Karatasi waliiacha mezani.

Novemba 7

Theluji ya kwanza. Mahindi yaliyobaki yamelala chini, hayatavunwa.

Novemba 8

Daktari Lindqvist amenitengeneza mkono, baada ya kungoja uvimbe upungue. Alivuka daraja saa moja asubuhi na hakukuwa na mtu, ni pipa tu, limejaa theluji. Vidole viwili vitakunja, viwili havitakunja. Gaylen yuko chumba cha tatu kutoka changu. Nilimsikia akikohoa. Sikuingia, na sijui kama nitaingia.

Kabla ya plasta, mwandikishaji alikuja na fomu yake. Jina, umri, ndugu wa karibu. Nilisema Delbert, kisha nikamwambia afute. Akauliza ninafanyia kazi wapi. Nikamwambia sina kazi tena. Ni binti mpole, hakutaka kuacha mstari wazi, akauliza basi wiki iliyopita nilikuwa nafanya nini.

"Nilikuwa nanyamaza," nikamwambia.

Akaitazama fomu juu mpaka chini. Haikuwa na nafasi ya kuandika hilo.